Kamba Moja, Ng'ombe Mmoja

Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mali ya shirika lililonipunguza kazini. Shirika lilipofungwa, vifaa vyake vilipigwa mnada, nami badala ya kununua baiskeli kama watu wenye akili nikanunua kompyuta ya mezani, kioo chake kimefura nyuma kama mgongo wa kobe, na kibodi yake haina herufi Q. Niliibeba kutoka Mbeya hadi Sumbawanga juu ya mapaja yangu, nimeifunga kwa blanketi, na kwa kila shimo la barabara nilikuwa naomba radhi kana kwamba nimebeba mgonjwa.

Hizo zilikuwa zama za soko huria. Mambo yaliyokuwa yakifanywa na serikali yalikuwa yameachwa yafanywe na yeyote atakayethubutu. Dawa za mifugo, kwa mfano, zamani zililetwa na bwana mifugo kwa pikipiki ya ofisi. Sasa pikipiki haikuwa na mafuta na bwana mifugo hakuwa na pikipiki. Dada yangu mkubwa alikuwa msaidizi wa mifugo kwa miaka mingi, naye akapunguzwa kama mimi, ila yeye hakukaa kulalamika. Alifungua duka la dawa za mifugo Katandala, chumba kimoja chenye kaunta, rafu tatu na mizani. Mimi, mwenye shahada ya historia, nikawa mfagizi wake. Nilimchorea pia bango la ng'ombe mlangoni. Wateja wengi walidhani ni mbwa.

Kompyuta ilikaa nyumbani imefunikwa kitambaa hadi nilipokutana na Sista. Alikuwa mtawa mdogo wa umbo, aliyerudi kutoka masomoni na sahani moja ya CD ndani ya begi lake, na humo ndani kulikuwa na Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Alifundisha darasa la kompyuta katika ukumbi wa parokia, Jumamosi asubuhi, watu saba kwa mashine mbili. Saba hao walikuwa walimu, karani mmoja, na mimi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuliza maswali marefu.

Kazi ya kwanza niliyojipa ilikuwa kumsaidia dada. Dawa ya minyoo hunyweshwa kwa kadiri ya uzito, na uzito wa ng'ombe hukadiriwa kwa kumpima mzunguko wa kifua, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Dada alikuwa na chati ya zamani ya ofisini, imechakaa hadi mikunjo yake imegeuka matundu. Nikasema nitaihamishia kwenye kompyuta. Nikaandika mistari kumi ya kumpimia ndama dawa. Kisha nikainakili mistari ileile kumi, nikabadilisha namba, nikapata mtamba. Nikainakili tena, nikapata jike. Nikaendelea hivyo hadi fahali, nikaja darasani na disketi mkononi, nimevimba kwa fahari.

Sista aliiteremsha mistari yangu kwenye kioo, akateremsha, akateremsha.

“Hii ni programu?”

“Ni programu, Sista.”

“Mbona inakwenda kama rozari?”

Darasa likacheka. Karani ndiye aliyecheka zaidi, na sijamsamehe bado.

“Sikiliza,” Sista akasema. “Mama yako alikufundisha kusonga ugali?”

“Alinifundisha.” Sikuona haja ya kumweleza kwamba aliyefundishwa ni dada, mimi nilikuwa nakula.

“Alikufundisha mara ngapi?”

“Mara moja.”

“Siku walipokuja wageni watano alikufundisha upya? Wakija kumi je, akakaa chini akaanza tena, hii ni sufuria, huu ni mwiko?”

“Hapana. Alisema tu wapo wangapi.”

“Basi namna ya kusonga ugali ni fanksheni. Unaiandika mara moja, unaipa jina. Na hilo neno analokupenyezea mlangoni, wapo wangapi, ndilo parameta. Ndani ya fanksheni huandiki kumi wala watano. Unaandika ‘idadi’, unangoja mtu akuletee idadi yake.” Akafuta kazi yangu yote kwa kidole kimoja. “Andika upya. Isizidi ukurasa.”

Nilirudi nyumbani nikaandika upya, na siku ile ilipofanya kazi nilipata raha ambayo chuo kikuu hakikuwahi kunipa. Mistari tisa. Unaipa idadi ya ng'ombe na ukubwa wao wa wastani, nayo inakurudishia dawa ya kutosha. Ukiipa ng'ombe wawili inajibu, ukiipa mia inajibu, na haichoki wala haiulizi umesoma hadi wapi. Nilimpigia mfano jirani, nikampigia mfano mke wa jirani, nikampigia mfano fundi cherehani aliyekuja kuomba maji ya kunywa.

Dada hakuvutiwa.

“Kwani mimi huwa nawauliza wana ng'ombe wangapi?”

“Huwaulizi. Ndiyo maana unakisia.”

“Mimi sikisii. Mtu anakuja, anasema nipe chupa mbili, namuuliza wamekonda au wamenenepa, nampa chupa mbili. Hujui kitu, mdogo wangu.”

“Dada, hii ni sayansi.”

“Haya. Lete hiyo sayansi tuione.”

Tukaihamishia kompyuta dukani, pamoja na printa iliyokuwa ikilia kama mashine ya kukoboa. Wiki hiyohiyo akaingia mzee mfugaji, mrefu, amejifunga shuka juu ya koti, maana ilikuwa Juni na upepo wa Ufipa mwezi huo hauna heshima kwa mtu. Familia yake ilikuwa imetoka Usukumani na mifugo yake miaka mingi nyuma, ikakaa upande wa Chala. Alikuwa mteja wa dada tangu siku duka lilipofunguliwa, na wafugaji wenzake walikuwa wakinunua pale anaponunua yeye.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nipe dawa ya minyoo. Ndama wanaharisha.”

“Sasa tunatumia kompyuta, mzee. Ng'ombe wako ni wangapi?”

Akanitazama. Akatazama watu wanne waliokuwa wamesimama dukani, mmoja wao mgambo.

“Wapo.”

“Wapo wangapi?”

“Wanatosha maziwa ya chai.”

“Mzee, kompyuta inataka namba.”

“Inataka namba ya nini? Inaoa?”

Watu wakacheka. Mimi sikuelewa kwamba nilikuwa nimeambiwa ninyamaze. Nikabaki na vidole juu ya kibodi, natabasamu kama karani wa posta. Dada alinikanyaga mguu chini ya kaunta. Hilo nalo sikulielewa.

“Andika kumi na wawili, wa ukubwa wa kawaida,” mzee akasema mwishowe.

Nikaandika kumi na wawili. Printa ikalia, karatasi ikatoka, nikaigonga muhuri wa duka, nikamkabidhi. Kila mtu mle ndani aliitazama ile karatasi kwa adabu. Mzee akaikunja mara nne, akaiweka ndani ya kofia, akachukua dawa kama ilivyoandikwa, akaondoka.

Wiki tatu zikapita, wateja wa upande wa Chala hawakuja. Wiki ya nne nao hawakuja. Mwanamke muuza maharage, aliyezunguka magulio yote ya Nkasi, ndiye aliyetuletea habari. Yule mzee alisimama mnadani, penye ng'ombe na watu, akasema dawa ya yule mama wa Katandala ni maji. Ndama wake wawili wamekufa na wengine wanaendelea kuharisha. Anauza maji na karatasi.

Dada alifunga mlango mchana kweupe, akakaa juu ya kreti.

“Wakishasema ni maji, imekwisha,” akasema. “Sokoni kumejaa dawa za uongo, kila mtu anajua. Mimi nilichokuwa nacho ni kwamba yangu si uongo. Duka hili likifa, mdogo wangu, sina pengine.”

Hakunilaumu. Ingekuwa nafuu kama angenilaumu.

Nilikwenda kwa Sista nikiwa na programu yangu imechapwa kwenye karatasi, kama mtu anayepeleka mtoto wake hospitali kuthibitisha kwamba ni mzima. Nilimkuta anapalilia kabichi nyuma ya nyumba ya masista. Tukasalimiana, Tumsifu Yesu Kristo, Milele Amina, akafuta mikono, akasoma mistari yote tisa akiwa amesimama.

“Haina kosa,” akasema.

“Nilijua!”

“Haina kosa. Lakini inauliza nini?”

“Idadi na ukubwa.”

“Na anayejibu ni nani?”

“Mwenye ng'ombe.”

“Fanksheni haijui kama umeipa kweli au uongo. Inapokea tu. Wewe ndiye uliyechagua cha kuuliza.” Akanirudishia karatasi, ina alama ya kidole cha udongo. “Nenda kwa huyo mzee. Usiende na kompyuta.”

Nilipanda pikapu ya mahindi hadi Chala, nikalala kwa mwalimu niliyesoma naye, na asubuhi nikatembea. Niliufikia mji wa mzee wakati ng'ombe wanatoka zizini. Walitoka kwa foleni, mmoja mmoja, mvuke ukiwatoka puani kwa baridi, na mimi mtu wa sayansi nikafanya jambo lililoonekana la maana kabisa. Nikanyoosha kidole nikaanza kuhesabu. Kumi na wawili walipita upesi sana. Nilikuwa nimefika namba ambayo sitaiandika hapa, na foleni bado inaendelea, niliposikia mtu akipiga kelele.

“We! Teremsha kidole hicho!”

Alikuwa mke wa mzee, anakuja mbio na kibuyu cha maziwa kwapani, na kwa umri wake hakupaswa kukimbia namna ile.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, teremsha kidole! Ukienda kwa watu ukakuta watoto wao wanakula, unawahesabu? Huyu, huyu, huyu, na huyu?”

“Hapana, mama.”

“Basi hawa tuwahesabie nini? Ili waanze kupungua?” Akaniangalia kuanzia viatu hadi miwani. “Wewe si ndiye wa kompyuta? Wafipa nyie. Zamani mlikuwa mnatupiga kwa radi za uchawi, sasa mnatupiga kwa kompyuta.”

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba. Hakuinuka. Nilimsalimia, nikapewa kigoda kingine na maziwa, nikayanywa hadi nusu kabla sijathubutu kusema.

“Mzee, wale kumi na wawili,” nikaanza.

“Ulitaka niseme nini? Duka limejaa watu. Mgambo yupo pale, kesho yake wa kodi wangekuwa hapa. Na hata wasingekuwapo. Mtu hatangazi mali yake kama tangazo la mpira.”

“Lakini dawa ilikuwa ya ng'ombe kumi na wawili. Ukawagawia wote?”

“Wote. Si karatasi ilisema inatosha?”

“Ilisema inatosha kumi na wawili.”

“Mimi sisomi vizuri. Niliona muhuri.” Kisha akasema, safari hii kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko yote: “Zamani dada yako alikuwa ananiuliza chupa ngapi. Mimi nilikuwa najua chupa ngapi. Hiyo mashine ilipokuja, nikasema labda inajua kuliko mimi.”

Nimesoma historia kwa miaka mitatu, nimeandika kurasa nyingi kuhusu watawala waliofika mahali wakauliza maswali yasiyowahusu. Sikuwahi kudhani ningejiona mmoja wao, nimekaa kwenye kigoda na povu la maziwa kwenye masharubu.

Nikawaeleza ukweli ulivyo: dawa ni nzuri, haikutosha, kosa ni la swali langu. Kila ng'ombe anatakiwa apate chake kulingana na kifua chake. Nikatoa utepe wa kupimia na daftari, nikaomba niwapime wote, niandike. Mzee akatikisa kichwa. Utepe sawa. Daftari hapana. Orodha ni orodha, hata ikiwa ya mtu mwema.

Yule mama alikuwa amesimama nyuma yetu, anasokota katani pajani kana kwamba hasikilizi. Akasema, “Si unataka kujua kifua cha kila mmoja?”

“Ndiyo, mama.”

“Hutaki kujua wapo wangapi?”

Nikafikiri. Ilinichukua muda, na nasema hivi nikiwa mtu aliyelipiwa elimu na taifa zima. “Hapana,” nikasema. “Kwa kweli sihitaji.”

“Basi nitakukatia kamba. Kamba moja, ng'ombe mmoja. Nazungusha kifuani, nakata. Unachukua kamba zako unakwenda. Hakuna aliyehesabu kitu.”

Walifanya kazi hiyo jioni ile na asubuhi iliyofuata, yeye na mzee, kwa utani mwingi na majina ya ng'ombe ambayo sikuweza kuyashika. Nami nilishika pembe nilipoambiwa nishike, na nilipoambiwa niachie niliachia kwa haraka isiyo na heshima. Niliondoka na furushi la kamba za katani kwenye gunia, linanuka zizi.

Ndani ya pikapu, nikiwa nimekalia gunia hilo, ndipo nilipoelewa kile Sista alichonifundisha. Fanksheni yangu ya kwanza ilikuwa inataka kundi zima lije mbele yake na kujitaja. Haikuhitaji hivyo. Niliandika nyingine, fupi kuliko ile:

def kipimo(kamba):

yaani fanksheni inayoitwa kipimo, inayongoja kamba, na chini yake mistari michache. Unaipa urefu wa kamba moja, inautafuta kwenye ile chati, inakurudishia kipimo cha dawa kwa vifuniko vya chupa, vizima na nusu. Basi. Ukitaka kwa kamba nyingine, unaiita tena. Kila ikiitwa inaanza upya, haikumbuki kamba iliyotangulia. Pembeni niliweka hesabu moja tu, ya jumla ya dawa, ili dada ajue atoe chupa ngapi. Kuongeza mstari wa kuhesabu kamba kungekuwa kazi ya dakika moja. Sikuuandika, na mikono yangu pia niliizuia. Nilikuwa nachota kamba kutoka upande huu wa gunia na kuitupia upande ule huku nikiimba, ili kichwa kisipate nafasi.

Dada ndiye aliyepata namna ya kurudisha majibu. Nilikuwa nakwenda kuwasha printa, akanishika mkono.

“Karatasi tena?”

Akachukua kamba mkononi mwangu, akauliza vifuniko vingapi, nikamwambia vitatu na nusu. Akafunga uzi mfupi nchani, ili kamba isipungue urefu, na kwenye uzi huo akapiga mafundo matatu yaliyokazwa, na moja la kitanzi, legelege, kuwa nusu. Tukaendelea hivyo kutwa nzima, mimi napima na kuiuliza kompyuta, yeye anafunga mafundo. Kamba iliingia na urefu, ikatoka na mafundo. Sijawahi tena kuona fanksheni iliyo wazi kiasi hicho.

Tulikwenda wote wawili na dawa. Mzee alitupokea bila maneno mengi. Akachota kamba ya kwanza, akaizungusha kifuani mwa jike jeusi, ikapungua. Akamzungushia mwingine, ikafika barabara. Akasoma mafundo kwa kidole gumba, akanywesha. Kamba mbili zilipokuwa na urefu mmoja aliuliza ipi ni ya nani, na dada akamwambia haidhuru, kifua kikiwa kimoja na dawa ni moja. Mzee akacheka kwa mara ya kwanza.

Katikati ya kazi akanisogelea.

“Umezihesabu?”

“Sikuzihesabu, mzee.”

“Mashine je?”

“Haijui. Kila kamba inapoingia, inasahau ya kwanza. Inachokumbuka ni dawa.”

Mzee akanipa chupa ya kunyweshea, nishike kichwa cha ndama na kunywesha mwenyewe. Nilimwaga karibu nusu kwenye shati langu, na mke wa mzee akaniongezea fundo moja la adhabu, akasema hilo la kwangu, maana nami ninaonekana nina minyoo.

Hakuna ndama mwingine aliyekufa. Hata hivyo duka lilikaa wiki mbili zaidi bila mteja wa upande ule, na dada alikuwa anapanga rafu zilezile kila asubuhi, chupa zilezile, ili mikono isikae. Nilikuwa nimeanza kuuliza mjini kama kuna anayenunua kompyuta isiyo na Q.

Siku mnada ulipoitishwa tena, muuza maharage alikuwepo, na ni yeye aliyetusimulia. Mzee hakutoa hotuba. Hakusema alikosea, na wala hatukutaka aseme. Alikwenda kusimama palepale alipokuwa amesimama mara ya kwanza, amebeba lile furushi la kamba begani, na kila aliyemuuliza ni nini alimweleza. Wazee wenzake walizishika moja moja, wakayapapasa mafundo. Mmoja akauliza, sasa huyo mama wa Katandala anajua una ng'ombe wangapi? Mzee akasema: “Hajui. Na hakuniuliza.”

Jumatatu nilikuwa nafagia mlangoni nilipowaona wanakuja, wazee watatu kwa miguu na mwanamke mmoja kwa baiskeli, kila mmoja na furushi lake la kamba. Dada alikuwa ndani. Sikumwita. Nilitaka ainue kichwa mwenyewe awaone. Aliinua, akajifuta mikono kwenye kanga, akawaamkia wote mmoja baada ya mwingine, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Kisha akanigeukia, akasema niwashe mashine.